Fremu ya Lefteris

Ijumaa ile Fotini Vrettou alirudi kutoka karakana ya kukatia vito vya opali, vidole vingali vyeupe kwa unga wa mawe, akakuta baiskeli yake imeshafungwa kwenye mashine. Alikuwa amepanga kuifunga mwenyewe jioni, polepole, akiwa ameshanawa na kula. Baba yake mdogo, Thanasis, alikuwa ameinama kwenye jiko anachemsha kahawa katika kibirika cha shaba, wala hakugeuka.

"Imekaa," alisema. "Ilileta ubishi, lakini imekaa."

Fotini alimbusu kisogoni akamshukuru. Neno lile la ubishi lilimpita bila kumgusa. Alichokiona yeye ni fremu nyeusi imesimama wima juu ya mashine, imetulia kama farasi anayemngoja mwenyewe, na kesho yake ndiyo Jumamosi aliyoiota.

Mashine haikuwa yake. Ilikuja kwa basi la Adelaide ndani ya boksi lililokwisha kuzunguka jimbo zima, kwa maana timu ya vijana ya baiskeli iliituma kwa zamu kwa wale wanaokaa mbali. Unavua gurudumu la nyuma, unakaza miguu ya nyuma ya fremu kwenye mhimili wa mashine, unapanda, unakanyaga bila kwenda popote. Mashine inajua nguvu unayotoa. Inakuongezea uzito ngazi kwa ngazi, na kila namba inamfikia kocha papo hapo. Mtihani ulikuwa Jumamosi saa sita mchana. Atakayevumilia dakika nzima kwenye ngazi ya wati mia tatu ataitwa Adelaide kuishi na timu. Asiyefika ndiyo basi, na kwa Fotini hapakuwa na mwakani, kwa kuwa umri wake ulikuwa umefika ukingoni mwa unaokubaliwa.

Vijana wa pwani hawajui hesabu ya namna hiyo. Wao wana viwanja, wana maduka ya baiskeli kila mtaa, wana makocha wanaowaona wakipita. Coober Pedy, mji wa machimbo ya opali jangwani Australia ambako watu huishi katika nyumba zilizochongwa chini ya ardhi, ina joto linaloyeyusha lami na barabara moja ya malori ya mabehewa matatu. Miaka yote Fotini alikuwa akitoka kabla ya jua, anakanyaga kuelekea kusini, anageuka mapema, na upepo wa lori moja ulishamtupa kwenye changarawe akabaki na kovu la mkono mzima. Hakuna mtu aliyewahi kusimama kando ya barabara ile na saa mkononi kumpima. Kama ana kipaji, alikijua yeye na kangaruu.

Na baiskeli yenyewe hakuipata kwa bahati. Kila Jumapili baada ya kanisa, wenzake wakienda kulala, yeye alichakura vifusi vya mashimo yaliyoachwa, jiwe kwa jiwe, mpaka siku alipookota kipande cha opali chenye wekundu unaocheza kama kaa la moto. Alibadilishana jiwe hilo na mnunuzi mmoja aliyepita mjini na baiskeli ya kaboni juu ya gari. Lakini kabla ya kupeana mikono alimhoji yule bwana kama polisi. Miguu ya nyuma ina upana gani? Mhimili wake ni wa kupenya na kukazwa kwa kifungo, au ule wa zamani wa mkono? Aliyeitengeneza anaruhusu ifungwe kwenye mashine ya ndani, au ikifungwa ikavunjika atasema shauri yako? Maana fremu nyingi za kaboni hazikuumbwa kwa mashine. Barabarani baiskeli huyumba na kupunguza mkazo, ila kwenye mashine imebanwa miguu na mkazo wote unaingia kwenye mifupa. Mnunuzi alicheka akamjibu yote, na majibu yalikuwa mazuri.

Ndiyo maana Jumamosi asubuhi, alipopanda kupasha misuli joto na kusikia tik nyuma yake, hakuamini.

Alikanyaga tena. Tik. Haikuwa pedali, haikuwa mnyororo. Aliposhuka na kusimama, sauti ilikoma. Akachukua sarafu akagonga mguu wa kushoto wa fremu, akipanda nayo taratibu. Ti, ti, ti, ti, kisha karibu na maungio sauti ikafa, tup, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Jasho likamtoka, na chini ya ardhi mle hakuna joto.

Mkata opali yeyote anajua kwamba maji ni mwongo na maji ni shahidi. Jiwe lenye ufa ukiliweka majini ufa unapotea, na wako wanaouza hivyo. Lakini litoe, lifute, lingoje. Uso wote utakauka na ufa utabaki na unyevu wake, mstari mwembamba unaong'aa. Marehemu baba yake, Lefteris, ndiye aliyemfundisha hayo akiwa bado anafikia meza kwa kusimama juu ya kreti. Sasa alilowesha kitambaa, akapitisha kwenye fremu, akafuta, akawasha tochi, akaweka lenzi yake ya kazini jichoni na kungoja.

Rangi nyeusi ilikauka kutoka pembeni kuja katikati. Mstari ukabaki. Ulikuwa mwembamba kuliko unywele na ulizunguka nusu ya mguu.

Na upande wa ndani, miguu yote miwili, palikuwa na alama mbili za duara zinazotazamana, kila moja sawa na kizibo cha chupa, zenye vumbi jekundu la mgodini limeshindiliwa ndani. Fotini alizijua alama zile. Nyumba nzima waliyokuwa wamesimama ndani yake ilikuwa nazo, ukutani na kwenye dari, pale jiwe liliposukumwa kupisha chumba.

"Bamdogo," aliita. "Ulitumia jeki?"

Thanasis alikuwa mlangoni pa chumba na kikombe chake. Alitazama kikombe.

"Ilikuwa haiingii, mwanangu. Mashine pana, fremu nyembamba. Nikaitanua kidogo. Kidogo tu."

"Kaboni haitanuliwi."

"Ningejuaje mimi? Kwa jeki hiyo nimetanua mlima."

Fotini aliitoa lenzi jichoni. Alikwenda kwenye boksi, akainua sponji ya chini, na pale, ndani ya kifuko cha plastiki kilichofungwa vizuri, palikuwa na vikombe vingine vya chuma vya mhimili, saizi ya fremu yake hasa. Mtu wa mwisho aliyetumia mashine alikuwa na baiskeli ya milimani, akafunga vile vipana na hakuvirudisha. Kuvibadilisha ni kazi ya kufungua soda. Alivishika kiganjani akavitazama, kisha akavionyesha, na hilo lilimuumiza Thanasis kuliko tusi. Mzee alikaa chini palepale kizingitini. Alisema alisikia kitu kulia jana, akajiambia ni rangi tu. Akaficha. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mama Jelka, jirani Mserbia ambaye waya wake wa mtandao ulikuwa umeteremshwa kwao kupitia bomba la hewa, aliingia bila kubisha kuuliza kama namba zinapita. Akakuta watu wawili wasiotazamana na fremu iliyolowa. Alipoelezwa, alimgeukia Thanasis.

"Wewe ukipewa yai, Thanasis, utalifungua kwa baruti."

"Niache, Jelka."

"Nikuache? Mtoto amefukua vifusi kama kuku mpaka akapata chombo, wewe unakitia jeki!"

Kisha hasira yake ikageuka huruma, akatoka mbio kuleta baiskeli ya mjukuu wake. Fotini aliipima kwa heshima tu. Ilikuwa ya alumini, imebanwa kwa nati, inafunga breki ukikanyaga kinyumenyume, na nyuma ilikuwa nyembamba mno. Kuitanua haiwezekani, kwa maana alumini ni ndugu yake kaboni kwa kutosamehe: haikunji, inakatika. Baiskeli nyingine za mji zilikuwa za namna hiyohiyo, za watoto na za kwendea baa.

Alimpigia simu kocha Pascoe. Alimweleza kwa kifupi na hakumtaja mtu. Je, mtihani unaweza kusogea mpaka kesho? Kocha alisema kwa sauti ya mtu anayeumia lakini habadiliki kwamba mashine inaondoka na basi la asubuhi, yuko kijana mwingine Ceduna anaingoja, na orodha inafungwa Jumatatu.

"Fremu yoyote, Fotini. Sijali rangi wala umri. Ila ikae imara, maana ikicheza namba zitaruka na nitalazimika kuzifuta. Na hiyo ya ufa usiipande. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Kocha."

Alikuwa amesikia, lakini alipokata simu alirudi kuutazama ule mstari. Mtihani si mrefu. Huenda ikavumilia. Nani angejua? Kamera ingekuwa mbele, ufa uko nyuma. Aliwaza mawe yote aliyoyaweka kando mezani kwake kwa sababu ya ufa ambao mnunuzi asingeuona kamwe, na mara ya kwanza maishani akawaelewa wale wanaouza opali ndani ya chupa ya maji. Kuelewa huko kulimtisha. Akachukua ufunguo, akalegeza mhimili, akaishusha fremu nyeusi kutoka kwenye mashine na kuilaza ukutani.

"Basi," alisema. "Imekwisha."

Hapo ndipo Thanasis alipoinuka. Alikwenda sebuleni, akavuta kigoda mpaka chini ya picha ya Nabii Eliya, akapanda. Juu ya picha ile, kwenye msumari uliopigwa kwenye jiwe, ilikuwa imetundikwa fremu ya chuma ya rangi ya buluu iliyofifia, pamoja na kiti, mnyororo na pedali zake, na usukani wake ulioinama kama pembe za kondoo. Ilikuwa ya Lefteris. Alishindana nayo katika mbio za Port Pirie na Port Augusta kabla hajaingia kwenye shimo ambamo hakutoka akiwa hai. Tangu mazishi hakuna mkono ulioigusa isipokuwa wa Thanasis, na wake ni wa kufuta vumbi tu. Utotoni Fotini aliwahi kuiomba mara moja, akajibiwa kwa sauti iliyomfanya asiombe tena.

"Bamdogo, si lazima."

"Nyamaza. Pima."

Alipima. Miguu ya nyuma ilikuwa imekaribiana mno, kama zilivyokuwa baiskeli za zamani, ikapungukiwa na mhimili wa mashine, hata kwa vile vikombe vyembamba, kwa upana wa kidole cha mwisho. Alipima tena. Mama Jelka alikuwa ameshika mdomo.

"Chuma kinasikia neno," Fotini alisema taratibu. "Ukikitanua kinatanuka, na kinakaa pale ulipokiacha. Lakini pale." Aliweka kidole kwenye kijiti kifupi kinachounganisha miguu miwili nyuma ya kiti. Palikuwa na kutu kwenye maungio. "Pale pakiachia, hakuna fremu."

Hakuongeza kwamba hakuna nyingine. Wote watatu walijua.

Thanasis alileta jeki, akaiweka sakafuni kati yao. Ilikuwa fupi, nzito, ya kuzungusha kwa mkono, imesuguliwa na kazi mpaka ikang'aa. Aliisukuma kwa mguu kumwelekea Fotini.

"Zungusha wewe. Mkono wangu umeshafanya yake."

Fotini aliitazama jeki, akamtazama yeye. Hasira ilikuwa bado ipo. Jiwe lake lile jekundu, lililogeuka baiskeli, lilikuwa limelala ukutani na ufa. Angeweza kumwacha mzee akae hivyo mpaka afe, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Mkono wako unaijua jeki, wangu hauijui," alisema. "Zungusha. Mimi nitashika uzi. Nikisema simama, simama."

Aliuchukua uzi wa Thanasis wa kunyooshea kuta za mgodi, akaufunga kwenye ncha ya mguu mmoja, akauzungusha mbele kwenye shingo ya fremu, akaurudisha mpaka mguu wa pili. Kama fremu itatanuka sawasawa, uzi utakuwa umbali uleule kutoka kwenye nguzo ya kiti, kushoto na kulia. Ikipinda upande mmoja, uzi utasema. Walifunga miguu ya jeki kwa vipande vya ngozi. Thanasis alifanya ishara ya msalaba, akaanza.

Chuma hakikutoa sauti mwanzoni. Kilikubali, kisha jeki ilipolegezwa kikarudi kilikotoka, kama mtu anayeitikia huku hajakusudia. Ilibidi kupita kipimo, kurudi, kupita tena mbele zaidi. Mzunguko wa tatu fremu ililia. Kilikuwa kilio kirefu, chembamba, na rangi ya buluu ikapasuka kwenye maungio na kudondoka vipande.

"Simama!"

Thanasis aliganda. Mama Jelka alikuwa amefumba macho. Fotini alipiga magoti, akalowesha mahali pale, akafuta, akaweka lenzi na kungoja. Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda, na hakuna lolote angeweza kufanya kuuharakisha unyevu. Ulikauka pembeni, ukaja katikati. Ukaisha wote.

"Ni rangi," alisema. "Safari hii kweli ni rangi. Nusu mzunguko, kisha tazama uzi."

Kushoto ulikuwa mbali kidogo kuliko kulia. Thanasis aliubana mguu wa kulia kati ya magoti yake akauvuta kwa mikono mitupu, shingo imemtoka mishipa, mpaka Fotini alipoinua mkono. Walipoibeba fremu na kuishusha kwenye mashine, iliingia kwa mkwaruzo mmoja na kukaa. Fotini alikaza, akaitikisa kwa nguvu zake zote. Haikucheza.

Bado kulikuwa na mnyororo. Ule wa zamani ni mnene, haupiti kwenye safu ya vigurudumu vya meno membamba vya siku hizi iliyokuwa kwenye mashine. Lakini katika mtihani ule mashine yenyewe ndiyo inayopanga uzito, gia hazina kazi, kigurudumu kimoja cha meno kinatosha. Fotini aliivua safu nzima na kubakiza kigurudumu kimoja, na Thanasis akakata vipande vya bomba la maji vijae palipobaki wazi. Kiti kilikataa kushuka, kutu ilikuwa imekishika; Lefteris alikuwa mrefu kuliko binti yake, naye ingebidi akanyage kwa ncha za vidole. Mama Jelka alifunga kamera juu ya kreti. Uso wa kocha ulikuwa tayari kwenye kioo.

"Hiyo ni nini umepanda?" kocha aliuliza.

"Imekaa imara, Kocha."

"Naona. Haya, anza."

Ngazi za mwanzo zilikuwa kama kutembea. Kisha uzito ukaja, kila dakika kipande kingine, na mashine ikaanza kuunguruma ndani ya jiwe hivi kwamba vikombe vilitetemeka jikoni. Kwa sababu ya kile kiti kirefu kiuno chake kilikuwa kinayumba, na kila kilipoyumba fremu ililia chini yake. Thanasis alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya mashine, nje ya jicho la kamera, tochi mkononi, anakitazama kijiti kile. Walikuwa wamekubaliana: akiona mstari, atasema, na Fotini atashuka hata kama imebaki pumzi moja.

Kwenye mia mbili na sitini miguu ilianza kumwaka. Kwenye mia mbili na themanini hakuona tena kamera wala Mama Jelka, aliona lami ya alfajiri na lori likija. Kwa kawaida pale ndipo anapoondoka barabarani kulipisha.

"Bamdogo," alisema kwa shida.

"Hamna mstari. Hamna kitu. Kanyaga."

Alijua kwamba mtu huyu aliwahi kusikia kitu kikilia na akasema ni rangi tu. Jana tu. Angeweza kugeuza kichwa kutazama mwenyewe, na kugeuza kichwa kungemgharimu ngazi. Hakugeuka.

Mia tatu. Pedali zikawa kama zimezama kwenye zege. Alisimama juu yake, ingawa Thanasis alikuwa amemkataza kusimama, akakaa tena, akavuta usukani wa baba yake mpaka kucha zikauma. Fremu ililia mfululizo sasa, na Thanasis alikuwa anasema maneno, labda sala, labda jina la kaka yake. Kioo kilihesabu kurudi nyuma. Mguu wa kushoto ulikufa, wa kulia ukaubeba. Kisha mashine ikaachia yenyewe na miguu ikazunguka hewani bila uzito, naye akaangukia usukani.



"Dakika nzima," kocha alisema. "Namba ni safi. Jina lako ninaliandika sasa hivi, usije ukanipigia Jumatatu kuuliza." Akasita. "Na uje na baiskeli nyingine, tafadhali. Hiyo imenizeesha."

Mama Jelka alilia kwa sauti kisha akakana kwamba analia. Fotini alishuka, akapiga magoti kando ya Thanasis, akaichukua tochi kutoka mkononi mwake. Alilowesha, akafuta, akangoja. Hapakuwa na mstari. Alizima tochi, akamrudishia.

"Ulidhani ninakudanganya?" mzee aliuliza.

"Nilidhani. Nikakanyaga tu."

Thanasis alitikisa kichwa, akainuka kwa kushika ukuta. Baadaye, baada ya mashine kurudi kwenye boksi lake na vile vikombe vyote vya chuma kupangwa juu kabisa, mahali ambapo kijana wa Ceduna hataweza kutoviona, alileta gurudumu la nyuma la Lefteris na kujaribu kulirudisha mahali pake. Lilipwaya. Palibaki pengo la kupitisha kidole cha mwisho. 

"Haitarudi kama ilivyokuwa," alisema.

"Isirudi, Bamdogo. Tutafute gurudumu pana."

Alifikiri. Kisha akaliegemeza gurudumu ukutani, akapanda kigoda, akaung'oa kwenye jiwe ule msumari wa kuitundikia fremu.

"Na kiti je?"

"Kwanza tukishushe," Fotini alisema. "Bila jeki."